Mama wa Kihambani Si Mwenye Hoteli

Kila inapotajwa visiwani habari ya mwanafunzi wa Ulaya au Marekani aliyekwenda kukaa Moshi ili ajifunze Kiswahili, pana watu hucheka. Husema kijana wa watu kapotezwa njia. Ameiacha bahari akaenda kuvua mlimani. Wasemao hivyo si wajinga. Wengi wao wanaijua mizani na vina kama wavijuavyo vidole vyao, na wanaweza kukesha wakibishana juu ya neno moja la Kimvita lililokosewa na mchapaji. Lakini katika jambo hili kicheko chao ni cha upuuzi, na kibaya zaidi, kinawasaidia watu wengine wasiocheka hata kidogo, wanaoijua vizuri thamani ya kile wanachokichukua mlimani bila ya kukilipia sawasawa.

Mji wa Moshi umewazoea wageni wa masomo kwa muda mrefu. Chuo cha Mweka, kinachofundisha uhifadhi wa wanyamapori, kilifunguliwa mwaka 1963, mwaka uleule wa Chuo cha Ushirika, ambacho tangu 2014 ni chuo kikuu. Hospitali ya KCMC ikafuatia mwaka 1971, na wanafunzi wa udaktari kutoka nchi za nje wakaanza kupishana wodini. Upande wa Arusha, pale Usa River, kituo kilichoanzishwa na Wadenmark kimekuwa kikiwafundisha wageni Kiswahili kwa miongo kadhaa. Baadaye wakaongezeka wanaotumwa na vyuo vyao vya ng'ambo kwa muhula mmoja, na wale waitwao wa kujitolea, wa mwezi mmoja au mitatu, wanaofundisha watoto asubuhi na kuutazama mlima jioni. Wengi wa hawa hawalali hotelini. Hupelekwa majumbani: Rau, Longuo, Soweto, Pasua, Kiboriloni, au juu zaidi, Uru, Kibosho, Mbokomu na Marangu, ndani ya vihamba vyenyewe.

Mgeni wa masomo akikaa, serikali inamjua; sheria ina kibali cha ukaazi cha daraja C kwa ajili ya wanafunzi, watafiti na wa kujitolea. Chuo chake kinamjua na kitampa alama. Kampuni iliyomleta inamjua, kwa kuwa ililipwa kabla hajapanda ndege. Mtu mmoja tu hana nafasi katika karatasi hizo zote isipokuwa penye anwani ya malazi, naye ndiye anayemwamsha asubuhi, anayempa chai, na anayemfundisha kusema.

Na ichukuliwe nyumba moja ya Uru, kwa mfano tu, kwa kuwa ziko nyingi za namna hiyo. Mgeni anarudi jioni na daftari lake. Kitabu kimemfundisha kitenzi cha kutaka, naye anakitumia: "Mama, nataka maji." Mama anampa maji na hasemi neno. Kesho yake mgeni anataka chumvi, na chumvi anapewa. Siku ya tatu mtoto wa nyumba naye anasema nataka chai, na hapo ndipo mama anapogeuka, kwa sauti ya kusikika hadi sebuleni: "Nani kakufundisha kutaka? Hapa watu huomba." Mtoto anacheka, kwa sababu anajua kuwa hakuambiwa yeye. Mgeni anaandika kitu daftarini. Tangu jioni hiyo haombi tena kwa kutaka, wala hakutiwa haya mbele ya watu. Iko wapi shule ya ualimu inayofundisha kusahihisha kwa adabu namna hiyo?

Kisha anaingia bibi, mama mkwe wa mwenye nyumba, ametoka kwenye migomba na mzigo wa majani ya ng'ombe. Anasema Kichagga. Anamtazama mgeni na kuuliza jambo refu. Mama anasikiliza, ananyamaza kidogo, halafu anasema kwa Kiswahili: "Bibi anauliza kwenu ni wapi, na wazee wako kama wazima." Sivyo alivyouliza bibi. Bibi ameuliza huyu ni wa ukoo gani na baba yake ana shamba wapi, maswali ambayo kwa kijana wa mjini Chicago hayana pa kushika. Mama ameyachukua yale maswali, akatafuta ndani yake kitu kinachoulizwa kwa kweli, yaani huyu mtoto ana watu wake au hana, akakivisha maneno ambayo mgeni anaweza kuyajibu. Na jibu la mgeni nalo linarudi kwa bibi likiwa limegeuzwa vivyo hivyo, likiwa na shukrani ndani yake ambayo mgeni hakuisema kwa sababu hakujua kuwa ilitakiwa. Watu wanaokaa na kamusi nne mezani wakatoa mashairi ya lugha moja kuyatia katika nyingine wataitambua kazi hiyo mara moja. Ndiyo kazi yao. Tofauti ni kwamba mama huyu anaifanya huku akikoroga mtori.

Kitabu cha mgeni kina neno moja, ndizi. Jikoni anakuta mchare, kitarasa, kisukari, mkono wa tembo, na kila moja ina chungu chake na siku yake. Anaijua samahani, hajui kwamba jirani akija na jani la sale mkononi amekuja kuomba radhi, na kwamba mwenye kuletewa sale si rahisi amrudishe mtu mikono mitupu. Mama anamweleza. Anamweleza pia kwa nini sale hilohilo limepandwa mpakani mwa kihamba, kwa nini mfereji wa maji unaopita pale una zamu zake, na kwa nini wazee hawamimini mbege vivi hivi bila ya kumkumbuka aliyetangulia. Yote hayo kwa Kiswahili, kwa sababu hakuna lugha nyingine ambayo wawili hao wanaimiliki pamoja.

Wakosoaji wa visiwani watasema: sawa, lakini Kiswahili hicho si safi. Na ikubaliwe kuwa lafudhi ya Kichagga husikika, na kwamba mwanafunzi huyu atarudi kwao bila ya kujua majina ya sehemu za jahazi, wala hatausikia utenzi ukighaniwa na mtu aliyeurithi kwa nyanya yake. Anayeyataka hayo aje Unguja, Lamu au Mombasa. TAKILUKI ilianzishwa Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu kama yeye, na kazi hiyo sasa iko chini ya SUZA. Hakuna aliyesema milima ichukue nafasi ya bahari. Linalokataliwa ni dai kwamba huko juu hakuna cha kujifunza, kana kwamba Kiswahili kilipanda Kilimanjaro jana pamoja na watalii.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipotoka Rabai kwenda Uchagga, msafara wake uliongozwa na Mswahili, Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei Rebmann aliona weupe juu ya mlima, akamwuliza mwongozaji wake ni kitu gani, naye akamjibu kwa neno moja: baridi. Rebmann ndiye aliyeongeza theluji, na wataalamu wa jiografia wa London wakambishia kwa miaka. Bwana Kheri hakubishiwa wala hakusifiwa. Neno lake limebaki katika shajara ya mtu mwingine. Biashara ya pembe za ndovu ilikuwa imekwisha kuwafikisha watu wa pwani kwa Wamangi, na lugha yao ilifika nao. Takriban miaka mia moja baadaye, mwaka 1947, Petro Itosi Marealle alitoa kitabu chake *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*, na alipotaka kuwaeleza walimwengu mila za watu wake, kuanzia mtoto tumboni hadi mzee kaburini, lugha aliyoishika ni Kiswahili. Hapo hapakuwa na upungufu wa mtu aliyekosa lugha nyingine. Ulikuwa uchaguzi wa mwandishi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mtu wa visiwani hulisahau kwa sababu halikumpata. Yeye alizaliwa ndani ya Kiswahili. Ukimwuliza kwa nini husemwa *amefika salama* wala si *na usalama*, atakwambia ndivyo isemwavyo, na huo ndio mwisho wa somo. Mama wa Uru alizaliwa katika Kichagga. Kiswahili alikipata kanisani, darasani na sokoni, neno kwa neno, na anakumbuka ni wapi alipojikwaa. Anapomwona mgeni amejikwaa palepale, anajua la kufanya. Kwa mwanafunzi wa mwezi wa kwanza, mwalimu wa namna hiyo hawezi kulinganishwa na bingwa wa malumbano ambaye hajawahi hata siku moja kutafuta neno la kuombea maji.

Sasa ndipo inapoingia kampuni, na vyuo vilivyo nyuma ya kampuni. Kwao nyumba hii ni malazi. Katika makaratasi yao huitwa familia mwenyeji, na maagizo wanayoipa ni yale ya mwenye hoteli: chumba cha peke yake chenye kitasa, chandarua, maji yaliyochemshwa, milo kadha kwa siku, choo cha namna fulani. Hakuna ubaya katika chandarua. Lakini tazama yasiyotajwa. Halitajwi somo, haitajwi lugha ya mezani, wala saa ambazo mama atakaa na mgeni akimsikiliza akitafuta maneno. Fungu la fedha linalofika nyumbani huhesabiwa kwa kitanda na sahani. Ada ya masomo, ambayo ndiyo kubwa, hubaki kwa wale wenye ubao na chaki. Na mara nyingine hata hao hupata kidogo kuliko aliyetengeneza picha ya tangazo, ile yenye mama amevaa khanga, anacheka, na Kibo nyuma yake.

Na kwa nini mama anakubali? Kwa sababu kahawa haikulipi tena kama ilivyokulipa. Mlima huu ndio uliounda KNCU mwaka 1933, na kwa kahawa yake ulijenga shule na kusomesha watoto kuliko sehemu nyingi za Tanganyika. Makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika mwaka 1989, bei iliporomoka; kukaja miaka ambayo wakulima waling'oa mibuni wakapanda cha kula au cha kuuza sokoni. Vihamba navyo vinazidi kukatwa vipande kwa kila mwana anayeoa. Katika nyumba kama hiyo chumba cha mgeni ni zao jipya, na mwenye zao moja hawezi kubishana na mnunuzi. Anajua kuwa akidai aitwe mwalimu, mgeni atapelekwa nyumba ya jirani.

Waswahili wana desturi kwamba mgeni hukaa siku mbili, na ya tatu hupewa jembe. Watu huitaja kwa mzaha kana kwamba ni njia ya kumfukuza. Sivyo. Jembe ni mlango wa kuingilia. Anayelipokea amekuwa mtu wa nyumba, anaweza kutumwa, kukaripiwa na kutaniwa, na lugha yenyewe hukaa katika hayo matatu zaidi kuliko katika jedwali za ngeli. Kampuni imelipiga marufuku jembe. Mgeni amelipa, basi asiguse sufuria, asichote maji, asikatiwe neno. Akiguswa na jembe ni kwa ajili ya picha. Miezi minne inapita, na kijana mwerevu anarudi kwao na *mambo*, *poa*, na *pole pole* ya wapagazi, akaandika ripoti kwamba aliishi kama mwenyeji.

Jambo hili lilipata kutokea kwa upande wa pili, na wapenzi wa fasihi wanalijua kuliko watu wengine. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Wanafunzi wake walikuwa Wajerumani waliotayarishwa kwenda kutawala watu wake. Walichukua maneno kinywani mwake, lakini kumpa heshima ya mwalimu ilikuwa shida kwao, naye baada ya miaka michache akaiacha kazi hiyo. Mwaka 1903 kilichapwa *Desturi za Wasuaheli*, kitabu ambacho mwandishi wake mkuu ni yeye. Jina lililowekwa juu ni la Carl Velten. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza mwaka 1981 ndipo jina lake likawekwa mahali pake, miaka 78 baada ya kitabu. Visiwani na pwani jambo hili husimuliwa kwa uchungu, na ni haki lisimuliwe hivyo.

Basi ni kitu gani kinachowazuia wasimulizi haohao kuliona likifanyika leo Kibosho? Mwanafunzi aliyefundishwa kuomba maji jikoni kwa mtu huenda akawa, miaka kumi baadaye, profesa wa Kiswahili au mfasiri wa riwaya na mashairi. Wako wengi walioanza hivyo. Katika ukurasa wa shukrani atawataja walimu wake wa chuo kwa majina kamili na vyeo, kisha ataongeza mstari juu ya mama yake wa Kitanzania, asiye na jina. Atasema alimpa upendo. Upendo alimpa kweli. Lakini alimpa pia msamiati, na vitenzi vya heshima, na ile sikio la kutambua swali lililo chini ya swali. Hayo yana mwenyewe.

Lawama nyingine ni ya nyumbani, na si haki ikafichwa. Nyumba nyingi humpokea mgeni ili watoto wapate Kiingereza. Mara tu anapoketi, watoto wa shule za Kiingereza wanasogezwa karibu naye, baba anazungumza Kiingereza cha ofisini, na mama, ambaye ndiye mwalimu, ananyamazishwa ndani ya nyumba yake. Mgeni aliyevuka bahari kuja kutafuta Kiswahili anageuzwa mwalimu wa Kiingereza asiyelipwa. Kila tarehe 7 Julai, siku ya Kiswahili duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, zinatolewa hotuba juu ya lugha iliyoenea ulimwenguni, na pengine msemaji mwenyewe nyumbani kwake hivyo ndivyo anavyompokea mgeni. (Wala huko si kubadilishana, ingawa ndivyo kunavyoitwa. Ni wangapi katika watoto wa nyumba hizo wamewahi kupewa chumba chenye kitasa huko alikotoka mgeni?)

Wachagga wana kisa cha vilele vyao viwili. Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Alimkuta anatwanga ndizi kwenye kinu, akapewa moto na chakula pia. Chakula kilikuwa kitamu. Mawenzi akauzima moto wake kusudi, akarudi, akapewa tena. Mara ya tatu Kibo alichoka, akamshukia na mchi, na ndiyo maana hadi leo Mawenzi, kwa mita zake 5,149, amesimama amechanikachanika, na Kibo ni mviringo, na theluji yake, ile iliyosalia. Kisa hiki husimuliwa kwa kumcheka Mawenzi. Lakini Mawenzi angalau alikuja mwenyewe mlangoni, akabisha hodi, akaomba. Hakutuma kampuni.

Mabadiliko yanayohitajika si makubwa. Chuo kinachomtuma mwanafunzi Moshi kimwandike mwenye nyumba kwa jina lake, akiridhia, katika orodha ya wafundishaji. Saa za mezani zihesabiwe kuwa saa za somo na zilipwe hivyo, mbali na kitanda na chakula. Maagizo ya malazi yaongezwe kifungu kimoja, kwamba lugha ya nyumba ni Kiswahili hadi mgeni atakapokwenda kulala, na kwamba siku ya tatu atapewa jembe, au ufagio, au mchi. Akina mama wenyewe wakutanishwe, wa Uru na wa Marangu, na wa Jambiani na Makunduchi ambako nako wageni wanalazwa, wabadilishane namna wanavyofundisha. Na mabingwa wa mizani waalikwe kusikiliza, si kufungua kikao.

Na mtihani wa mwisho ufanyike jikoni. Mwalimu wa chuo akae pembeni na karatasi yake, mama aendelee na chungu, bibi aingie na mzigo wa majani na aulize alitakalo kwa Kichagga. Mgeni asimame ampokee mzigo, amwamkie, asubiri tafsiri, ajibu. Baadaye mwalimu wa chuo amgeukie mama, amwulize ampe ngapi.